Mwanajeshi Aliyenipiga Majini

Ukianguka majini Kibirizi, unachekwa kwanza. Kuokolewa ni baadaye, kama kupo. Sisi wanawake wa dagaa ndio tunaoongoza kwa kucheka. Niliwahi kumcheka mwenzangu aliyetumbukia na wigi lake, wigi likaelea kivyake na yeye kivyake, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Kwa hiyo sina haki ya kumlaumu mtu kwa kicheko. Ninachowalaumu watu wa pale ni kingine, na nitakisema, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na adabu, na hata ulipofungwa kwa waya ulikuja ukafunguliwa.

Kazi yetu iko hivi. Boti za dagaa hulala ziwani na taa zao, asubuhi hurudi. Ukizisubiri nchi kavu utaambulia mabaki. Kwa hiyo tunazifuata. Kila mama anakodi mtumbwi mdogo na mpiga kasia wake, tunatoka mbio kuzipokea kabla hazijafika, na wa kwanza kutupa beseni lake ndani ya boti ndiye mwenye mzigo. Beseni likishatua, hakuna kesi. Hata kama aliyelitupa ni mtu usiyesalimiana naye, unageuza mtumbwi unatafuta boti nyingine. Lakini kuna wenye roho mbaya wanaolipiga beseni la mwenzao kwa kasia likiwa hewani, lidondoke majini, litokomee. Mimi nikajiona mjanja. Langu nililitoboa ukingoni, nikapitisha kamba ya nailoni, mwisho wa kamba nikaufunga kwenye mkono wangu wa kulia.

Wiki ile mwalo mzima, pale boti za samaki zinapotua, ulikuwa na hasira. Watu wa doria walikuja na boti yao ya kasi wakakusanya makokoro, zile nyavu za kukokota zilizopigwa marufuku, wakayarundika mchangani na kuyatia moto mbele ya wenyewe. La mume wangu lilikuwemo. Sibishani kuhusu uhalali wake. Lilikuwa haramu na yeye alijua, nami nilikuwa nikimwambia kila siku kwamba litamtia matatani, akawa ananiambia nipike. Lakini alikuwa ameliunga kwa vidole vyake, kipande kwa kipande, na siku ile alisimama akalitazama linayeyuka. Mama mmoja alipojaribu kuvuta wavu wake kutoka motoni, kijana wa doria aliyevaa suruali ya kombati alimzaba kofi akaenda chini. Hakuna aliyefanya kitu. Watu walirudi nyumbani kimya, na ule ukimya waliulala nao na kuamka nao.

Mume wangu ni mtu wa Ujiji, mvuvi mtoto wa mvuvi. Alijua kuogelea kabla ya kujua kuvaa suruali. Enzi ananiwinda kwetu Katonga, alikuwa anavuka ghuba kwa kuogelea, anatokea mbele ya nyumba yetu anahema, ili nimwone tu. Nilimwona, na baba naye alimwona, akamwambia kama una nguvu hizo njoo ukalime. Nilimpenda kwa sababu ile ya maji, nisiwe mwongo. Mimi mwenyewe kuogelea sijui, kama wanawake wengi tunaoshinda juu ya lile ziwa.

Asubuhi hiyo nilipofika mwaloni kulikuwa na kijana mmoja mgeni amekaa juu ya begi lake karibu na mama wa chapati. Suruali ya kombati, fulana ya kijani, buti kazivua kaziweka pembeni. Mwanajeshi huyo, si mtu wa doria, alikuwa anasubiri boti ya abiria ya kwenda vijiji vya kaskazini. Aliniamkia, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba nikiangalia pembeni. Mama wa chapati alimuuzia chai lakini hakumpa kigoda. Watu walikuwa wanampita wakitema mate chini, na yeye anaendelea kunywa chai yake polepole, hajui limetokea nini wala kwa nini.

Nikaingia kwenye mtumbwi. Ziwa lilikuwa limechafuka kidogo, upepo wa kusini ulikuwa haujatulia. Mpiga kasia wangu alikuwa mzee mtu mzima mwenye kelele nyingi kuliko nguvu. Boti niliyoikusudia ilikuja imejaa mpaka kingo zinagusa maji, na nyuma yangu kulikuwa na mama mwingine mpiga kasia wake kijana, ananikaribia. Nikamwambia mzee, vuta. Akavuta. Tulipokuwa ubavuni mwa ile boti nikasimama, nikarusha beseni kwa nguvu zangu zote, likatua katikati ya dagaa.

Tatizo ni kwamba boti ilikuwa haijapunguza mwendo. Injini ilikuwa bado inanguruma, na beseni lilikuwa mle ndani, na kamba ilikuwa mkononi mwangu. Niling'olewa kwenye mtumbwi kama shina la mchicha. Mtumbwi ukapinduka, mzee wa watu akaingia majini upande wake akaung'ang'ania, mimi nikaburuzwa juu ya maji kwa mkono mmoja, nikisikia bega linaachia na nailoni inakata nyama mpaka mfupani. Nilipiga kelele lakini maji yaliingia mdomoni kabla ya sauti kutoka. Halafu ukingo wa beseni ukapasuka, kamba ikalegea, boti ikaenda zake.

Pale ndipo mchanga unapoishia. Wanaolijua Ziwa Tanganyika wanaelewa. Unatembea maji yanakufika gotini, kiunoni, halafu hatua inayofuata hakuna chini. Kitenge kilinizunguka miguu kikanifunga. Nilizama, nikapiga piga, nikatoka, nikaona nchi kavu. Haikuwa mbali. Niliona watu wamejishika viuno wanacheka, wengine wameinama kwa kicheko, mama mmoja anapiga makofi. Nikamwona mume wangu amesimama mbele ya wote, mikono nyuma, ananitazama. Nikajiambia, anakuja. Nikazama tena na roho imetulia kidogo.

Aliyekuja hakuwa yeye. Yule mwanajeshi alikuwa mgeni, hakujua kwamba pale mtu anachekwa kwanza. Aliacha chai akakimbia, akajirusha.

Nataka nieleze vizuri yaliyotokea majini, kwa sababu watu wameyaeleza vibaya sana. Aliponifikia nilimpanda. Hilo ndilo neno lenyewe. Nilimkanyaga mabega, nikashika kichwa chake nikakisukuma chini ili changu kiwe juu. Sikuwa na mume, sikuwa na dini, sikuwa na aibu. Nilitaka hewa. Alijaribu kunigeuza nikamparura uso kuanzia jicho mpaka kidevu. Aliniambia kitu, nadhani aliniambia tulia mama, nikamng'ata mkono. Sikumng'ata kwa kumtisha. Niliuma mpaka meno yakakutana na nyama, nikaonja damu, na sikuachia. Tukazama wote wawili. Chini kule kulikuwa kijani halafu kukawa na giza, na masikio yangu yalikuwa yanapiga, na bado sikuachia.

Alinipiga kiwiko cha tumbo, nikaachia. Tukatoka juu. Nikamrukia tena. Ndipo akanipiga ngumi ya uso, moja, ya mtu aliyefundishwa kupiga. Nilisikia taya likivunjika kwa ndani, sauti ya muwa ukikatwa. Nilipojaribu kuinua mikono akanipiga ya pili. Mwili wangu ukalegea wote. Akanishika nywele, rasta zangu nilizokuwa nimesuka juzi yake, akazizungusha kwenye kiganja, akaanza kunivuta kuelekea nchi kavu, anaogelea kwa mkono mmoja, ule niliouma, na damu inamtoka.

Wao waliona nini kule mchangani? Waliona suruali ya kombati inamfuata mama wa dagaa majini. Waliona anamzamisha, anamtoa, anampiga ngumi, anamburuza kwa nywele. Vicheko vilikoma. Nasikia sauti moja ya kiume ilisema wametuchomea nyavu sasa wanatuulia wanawake. Watu wakaokota makasia, wakaokota mawe, wakaokota yale magogo ya kuvingirishia boti. Wakajipanga pale maji yanapoishia. Wakangoja.

Alipofika maji yanapomfika kiunoni alinibeba mikononi, na mtu aliyebeba mtu hawezi kujikinga. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni nikiwa kifuani mwake. Aliyumba, lakini hakuniangusha. Alisema, "Jamani, mpokeeni mama." La pili likampiga mdomoni. Alipiga magoti kwenye maji ya kina kifupi, akanisukuma mbele yake mpaka wanawake wakanishika mabega na kunivuta, na alipobaki mikono mitupu walimwangukia.

Nililazwa kifudifudi kwenye mchanga uliojaa magamba. Mtu alinikandamiza mgongo, maji yakatoka puani na mdomoni yakiwa mekundu. Nikafungua jicho. Niliona miguu mingi imezunguka kitu, na makasia yanapanda na kushuka. Kila yaliposhuka kulikuwa na sauti, si ile ya ubao juu ya ubao. Mbeba mizigo mmoja, Mrundi, alikuwa amesimama pembeni na kichwa amekishika kwa mikono miwili, anasema taratibu "yebaba we, yebaba we," na hakuna aliyemsikiliza. Nikasikia sauti ya mume wangu. Hiyo siwezi kuikosea. Alikuwa anasema, "Muue. Muue mbwa huyo."

Nikataka kusema ameniokoa. Neno moja tu lingetosha. Taya halikufunguka. Lilikuwa limekaa upande, ulimi umevimba, na kilichotoka kilikuwa mlio wa mbuzi. Mama aliyenishika alinipapasa mgongo akasema, "Pole, tulia, wanamshughulikia." Nikatikisa kichwa. Akasema, "Tulia, mpenzi, hatoki leo." Nilitamani kumng'ata na yeye.

Kisha nikasikia harufu ya petroli. Mtu alikuwa amechomoa mpira wa mafuta kwenye injini ya boti, anajaza kwenye kopo. Sauti ya mwanamke, sauti ninayoijua, jirani yangu wa Rusimbi ambaye huwa ananiazima chumvi, ilisema mchomeni kama walivyochoma nyavu. Wengi wakaitikia. Wakaanza kuulizana kiberiti.

Hapo ndipo nilipoanza kutambaa. Bega moja lilikuwa limetoka mahali pake, kwa hiyo nilitambaa kwa kiwiko kimoja na magoti, kitenge kimebaki majini, niko na gauni limepanda mpaka kiunoni mbele ya mwalo mzima. Nilipita katikati ya miguu. Walinipiga mateke bila kujua ni mimi. Nikamfikia. Alikuwa amejikunja, mikono imefunika kichwa, vidole vya mkono mmoja vimepinda kwenda upande usio wake. Petroli ilikuwa imemlowesha mgongo. Nikalala juu yake. Nilijinyoosha nikamfunika kadiri nilivyoweza, maana mimi ni mnene namshukuru Mungu, na petroli ikaniingia kwenye jeraha la mkono nikaona nyota.

Kasia lilikuwa limeshainuliwa. Likashuka, likanivunja mfupa wa bega lile lililobaki zima. Nikageuza uso nikaangalia juu, na aliyelishika alikuwa mume wangu.

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempiga. Nilimkodolea macho, na kama macho yangekuwa yanachoma, petroli ile isingehitaji kiberiti. Nilitoa mkono uliokuwa bado unatii kidogo, nikajigonga kifua, nikaonyesha ziwa, nikamgonga yule kijana mgongoni, nikavuta hewa kwa vidole kuelekea mchangani. Nikarudia. Mimi, majini, huyu, huku. Mtu alisema amechanganyikiwa. Nikarudia mara nyingine. Yule Mrundi ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema, "Anasema amemtoa." Akaja akasimama mbele yetu, akawaambia wenye kopo, "Amemtoa. Mnachoma mtu aliyemtoa."

Kasia likaanguka. Watu walianza kurudi nyuma, mmoja mmoja, kama vile kila mmoja amekumbuka kitu alichokiacha nyumbani. Aliyeshika kopo alilimwaga mchangani akaondoka bila kutazama mtu. Kufikia tulipopakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mwanajeshi na mimi tumelazwa pamoja juu ya magunia ya dagaa, wengi wa waliokuwa wakipiga walikuwa wameshapotea, na nasikia wapo waliovuka ng'ambo siku hiyohiyo.

Hospitali walinifunga taya kwa waya. Juu na chini, meno yakashonwa pamoja, nikawa nakunywa uji kwa mrija kupitia pengo la jino alilolitoa yule kijana. Daktari alinikataza kuongea, na hata angeniruhusu, ilikuwa miguno tu. Mimi, kunyamaza. Waliokuja kunitazama walisema Mungu fundi, na sikuweza hata kuwatukana.

Mwanajeshi alikuwa wodi ya wanaume. Sikio moja halisikii mpaka leo, na vidole viwili havikunjiki vizuri. Nilipoweza kutembea nilikwenda kumwona. Alikuwa amevimba uso mzima, michubuko ya kucha zangu imekatiza katikati, na mkononi alama za meno yangu zimeshonwa. Nilisimama mbele ya kitanda nikalia, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya. Akasema kwa taabu, "Samahani kwa taya, mama." Nikacheka kwa pua, ikauma vibaya, naye akacheka ikamuuma vibaya zaidi. Askari walipokwenda kumhoji ni nani waliompiga, alisema maji na damu vilikuwa vimemjaa machoni, hakuona sura. Sijui kama ni kweli. Aliponiambia alikuwa anaangalia dirishani.

Mume wangu alikuja kila siku na chupa ya uji. Hilo namhesabia. Alikuwa anauchuja mwenyewe kwa kitambaa, anaujaribu kwenye kiganja usiwe wa moto, ananishikia mrija. Na kwa kuwa mimi sikuweza kuongea, aliongea yeye. Alinisimulia ile asubuhi tena na tena. Jinsi alivyoniona nazama, jinsi alivyoona yule mtu ananikamata, jinsi alivyoona ngumi ya kwanza na moyo wake ukasimama. Aliona kila kitu, alisema. Alikuwa haondoi macho. Alidhani nimeshakufa, alisema, alidhani kaniona nikiuawa, na hasira ikampofusha. Alilia aliposema hivyo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anamwonea huruma, ananiambia una mume mwenye mapenzi. Mimi nilikuwa nanyonya uji na kumtazama, na kila aliposimulia kulikuwa na jambo moja linakaa vibaya kooni, na sikuwa na namna ya kulitoa.

Siku walipokata waya, mdomo ulifunguka kidogo, upana wa kidole. Daktari akasema nianze taratibu. Mume wangu alikuwa amekaa pale na chupa yake, anatabasamu, anasubiri kusikia sauti yangu. Nadhani alitegemea nimwite jina.

Nikamwambia, "Uliniona ninauawa."

Akasema, "Niliona, mke wangu. Kwa macho yangu haya."

"Na unajua kuogelea."

Akaipakata ile chupa ya uji.

"Mlikuwa wanaume wangapi pale? Wote mnajua kuogelea. Mliona mtu ananizamisha, ananipiga ngumi, mkasimama. Mbona hakuna aliyeingia majini?"

Alizungusha kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza upande wa ukutani. Mume wangu si mwongo, huo ndio ubaya wake. Alifikiria kweli, nikamwona anafikiria, na alipolipata jibu lilimwogopesha yeye mwenyewe.

"Tulikuwa tunamsubiri atoke," akasema.

Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

Akainuka, akachukua ile chupa akaenda nayo bombani kuiosha, na uji ulikuwa bado umejaa.